Makopo Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yangu alikuwa ameshafariki, na dada zangu walikuwa wameolewa mbali, upande wa Kabati na kwingineko huko Kitui. Hapakuwa na mwanamke wa upande wetu wa kumpikia mzazi uji na kumwogesha mtoto. Ndipo mke wangu akaomba mama yake ateremke kutoka Kilungu aje kukaa nasi. Nilikubali haraka, kwa sababu mimi hukubali haraka mambo ambayo sijayafikiria.

Asiyetoka Ukambani huenda asione tatizo liko wapi. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, na kwa kawaida ni yule aliyemwona mwenzake kwanza. Miaka hiyo ya themanini watu wengi wa kanisa walikuwa wameilegeza. Mama mkwe wangu hakuwa mmoja wao. Mchungaji wake alipohubiri kwamba mambo ya kale yamepita, aliitikia amina, kisha akaendelea kunikwepa vilevile.

Nilikuwa nimeajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo pale Kiboko, kwenye mashamba ya majaribio ya mbaazi, na tuliishi nyumba ya mabati ya vyumba viwili nje kidogo ya barabara kuu. Siku moja tukichimba mtaro shambani, jembe la mwenzangu lilipasua shimo lililotandazwa utando mweupe ndani, kama soksi iliyosahauliwa ardhini. Akatoka buibui mkubwa kama kiganja, mwenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu, akainua miguu ya mbele juu kututisha. Mwenzangu alimpiga jembe kabla sijafungua mdomo. Chini ya ule utando palikuwa na watoto wake, kila mmoja mkubwa kama punje ya mbaazi, wakikimbia huku na huku bila kujua pa kwenda.

Mwenzangu alitaka kuwafunika kwa udongo. Mimi niliwakusanya kwenye kofia yangu. Nilijiambia ni huruma, na huruma ilikuwepo kweli, lakini pia nilikuwa nimewatamani. Tangu utotoni napenda vitu vidogo vinavyojichimbia, vinavyojua kujitafutia kivuli mahali pasipo na kivuli. Mtu mzima mwenye mke mjamzito hapaswi kurudi nyumbani na kofia imejaa buibui, hilo nalijua.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hawakai pamoja. Usiku wa kwanza niliwaacha wote kwenye sufuria moja kuukuu, na asubuhi walikuwa wamepungua na waliobaki wamenenepa. Kwa hiyo nikaenda kwenye hoteli ya madereva wa malori pale barabarani, nikaomba makopo matupu ya mafuta ya kupikia. Nilitaka yale marefu. Buibui wa shimo hana haja na uwanja wa kutembea. Anataka kina, na ukimpa sanduku pana lenye udongo kidogo atazunguka humo kama mgeni asiyeonyeshwa kiti.

Udongo ulinishinda mara ya kwanza. Nilichukua wa kichuguu, kwa sababu ndio tunaosifu kwetu: sakafu ya kichuguu haipasuki, ghala lililokandikwa kwa kichuguu halipitishi panya. Nikausaga, nikaulowesha, nikaujaza makopo. Ulipokauka ukawa saruji. Wale wadogo walikwaruza juu yake wakachoka, na wawili walikufa hapo juu mchana wa joto, kwa kukosa pa kuingia. Nilijikasirikia, kwa maana mtu yeyote aliyewahi kukandika sakafu angejua.

Mara ya pili nilichanganya udongo mwekundu wa shambani na mchanga wa mtoni. Niliupepeta kwa ungo wa mke wangu, ambaye aliniuliza kama nataka kuupika. Sehemu ya chini niliilowesha kidogo, nikaishindilia kwa ngumi mpaka ikashikana. Sehemu ya juu nikaiacha kavu. Karibu na ukuta wa kopo nikatoboa kishimo kwa penseli, kwa mshazari, ili mdogo apate pa kuanzia, nikakifunika nusu kwa kipande cha gome. Kisha nikasimamisha bua la jani la mpapai, ambalo lina uwazi ndani, likafika mpaka chini. Kupitia hilo nilitia kijiko cha maji mara mojamoja, yakaenda chini moja kwa moja bila kulowesha juu. Hiyo ndiyo siri yote ya makazi ya buibui hawa: chini unyevu, juu kavu. Ukilowesha juu, shimo linaporomoka na mwenye nyumba anafia ndani. Juu ya kopo nilifunga kitambaa chepesi kwa utepe wa mpira wa tyubu.

Waliingia. Asubuhi nilikuta vibonge vya udongo vimetupwa nje ya mashimo na mdomo wa kila shimo umezungushiwa utando. Niliwapa mchwa, mmoja mmoja, na nikakaa nikitazama mguu mwembamba ukichungulia. Sikumbuki furaha nyingine ya mwaka ule iliyokuwa nyepesi hivyo. Mvua zilikuwa zimekosa, watu walikuwa wanapanga foleni ya mahindi ya manjano ya msaada, na maji tulikuwa tunayachota kwa kufukua mchanga wa mto mkavu. Mimi nilikuwa na makopo yangu.

Mke wangu aliyavumilia mpaka tumbo lilipokuwa kubwa. Ndipo akasema, bila kugomba, "Hawa wadudu na mtoto hawatalala nyumba moja. Chagua."

"Nitawatoa."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho yake nikamwambia nimewaachilia shambani. Kumbe nilikuwa nimeyapanga makopo kwenye kreti na kuisukuma chini ya kitanda chetu, nyuma ya gunia la nguo kuukuu, ambako palikuwa na giza na joto zuri. Nilijua hawezi kuinama. Niliutumia uzito wa mimba yake kumdanganya, na jambo hilo likinijia hata leo huwa naacha ninachofanya.

Mama mkwe alikuja mapema kuliko tulivyopanga. Nilirudi kazini jioni nikakuta leso nisiyoijua imeanikwa uani. Nikakohoa, kama ilivyo adabu, na nikaona kivuli cha mtu kikiingia chumba cha kulala na mlango ukafungwa. Godoro langu lilikuwa limeshahamishiwa stoo, kati ya magunia. Kuanzia jioni ile sikuweza kukanyaga chumba changu mwenyewe, na makopo yalikuwa humo ndani, chini ya kitanda alicholalia mama mkwe wangu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Nikawa namsikia akilia upande wa pili wa ukuta, na bibi yake akimwimbia nyimbo za kanisa kwa Kikamba. Nikikohoa, wimbo ulikatika.

Siku chache baadaye mke wangu aliniletea chakula stoo, akaketi juu ya gunia akaniangalia nikila.

"Mama ameuliza hiyo makopo iko chini ya kitanda ni ya nini."

Nikaacha kutafuna.

"Nimemwambia ni mbegu ya kazi yako," akasema. "Ya serikali. Ningemwambia nini? Ati bwana yangu amemlaza juu ya buibui?"

"Asante."

"Usiniambie asante. Mimi siongeangi uongo na mama yangu, na leo nimeongea."

Ningeweza kulimaliza jambo hapo. Ningemwomba mke wangu amwambie mama azitoe hizo mbegu uani, nami nikazichukua gizani na kwenda kuzimwaga kwenye tuta. Badala yake nikasema ziachwe tu, kwa sababu akizibeba anaweza kufungua kitambaa na wadudu wakasambaa karibu na mtoto. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba pale chini ya kitanda palikuwa pazuri kwao, na stoo ilikuwa na panya.

Haikupita wiki mke wangu akaja tena, na safari hii hakuketi.

"Mama anamwagilia mbegu yako."

"Anamwagilia namna gani?"

"Na kikombe. Anasema mkwe wake hawezi kuingia kuangalia mimea yake juu ya heshima, na ni yeye amemfungia mlango. Kwa hivyo ni yeye ataitunza."

"Maji anatoa wapi?"

"Yake ya kunywa. Ile ya jioni. Anasema maji ya mzazi haiwezi guswa, na yako pia haiwezi, wewe unaenda kazi."

Mtu ambaye hakuishi mwaka ule hawezi kujua kikombe cha maji kilikuwa nini. Kila alfajiri mama mkwe wangu aliteremka mtoni, akangoja zamu yake kwenye shimo la mchanga, akachota kwa kata mpaka jerikeni lijae, akapanda nalo mgongoni, ukanda ukimkata paji la uso. Hakuwa kijana. Kisha jioni anaketi kitandani, anaangalia kikombe chake, na kukigawa kwenye makopo ya udongo usioota kitu.

Niliona aibu. Lakini kosa likishaanza kulelewa ni vigumu kulinyima chakula. Nikatunga uongo wa pili. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie ni mbegu za ukame. Tunazijaribu bila maji. Akizimwagilia anaharibu majaribio."

Jibu lilirudi asubuhi na uji. "Mama anasema hakuna mbegu haitaki maji. Anasema wewe jaribu kwanza kukaa bila maji, halafu uandike majibu."

Tukacheka, mimi na mke wangu, tukiwa tumeziba midomo ili asisikie. Ndio, tulicheka. Halafu nikaenda kazini, nikaacha mambo yaendelee. Wanawake wa kanisa walipokuja kumwombea mtoto, mama mkwe aliwaonyesha kreti ile, nao wakaziombea mbegu za mkwe wake zichipuke, kwa maana kama zitaota katika kiangazi kile basi nchi nzima itakula. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo nikipasua kuni. Niliposikia maombi yale nilitaka ardhi inimeze.

Alianguka asubuhi moja ya Jumamosi. Nilisikia hatua zake zikipanda kutoka mtoni, nikajibanza nyuma ya stoo kama ilivyonipasa. Kisha nikasikia jerikeni likidunda. Nilipochungulia alikuwa amelala ubavu katikati ya uani, ukanda bado uko kwenye paji la uso, na maji yanamwagika yakiingia vumbini karibu na mkono wake.

Alikuwa karibu nami kiasi kwamba ningemwita kwa kunong'ona. Sikwenda. Wala sitasema nilikatazwa, kwa sababu hata wazee wakali kabisa wa nthoni hawakuwahi kusema mama mkwe aachwe chini. Miguu ilikataa tu. Nilimwita mke wangu kwa sauti kubwa, naye akatoka akijishika tumbo, mzazi mbichi, akapiga magoti, akaufungua ukanda, akajaribu kumwinua mamake peke yake. Akageuka akanitazama kule nilikosimama.

"Unangoja nini?" akauliza.

Nikakimbia kumwita mama jirani. Ukiniona nikikimbia ungedhani ni mtu mwenye msaada mkubwa. Jirani akaja na mwanawe mwenye mkokoteni, wakampeleka zahanati, na mke wangu na mtoto wakaenda naye. Muuguzi alisema mwili umekauka. Alimuuliza mama mkwe kama nyumbani hamna maji, naye akajibu kwamba yapo, mkwe wake hawanyimi kitu.

Nyumba ikabaki tupu. Nikaingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu aje, nikaivuta ile kreti. Kitambaa cha kila kopo kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena kwa fundo nadhifu la mwanamke. Alikuwa amemwagilia juu, kama mtu anavyomwagilia mche, kwa upole, kote sawasawa. Ndani mlikuwa na tope. Mashimo yalikuwa yameporomoka yote. Nilichimbua kwa kijiko, nikawakuta mmoja mmoja, miguu imekunjwa chini ya tumbo. Ni mmoja tu aliyekuwa hai, amepanda juu ya bua la mpapai na kujishikilia pale kwa utando. Nikamtoa nje, nikamchimbia kishimo kwa penseli kwenye tuta la shamba, akaingia. Sikumwona tena.

Niliketi sakafuni nikawalilia kidogo wale wadudu, nikajua siwalilii wao.

Mtu mwenye akili angekwenda zahanati akasema kweli kupitia mlangoni. Mimi nilikwenda jikoni. Nikachota mbaazi kwenye chungu, zile za kawaida za kupika, nikatupa tope, nikatia udongo mpya kwenye makopo na kufukia mbaazi ndani, mbilimbili. Nikazimwagilia kwa maji yangu ya kunywa. Nikayapanga makopo dirishani. Mama mkwe alikaa kwa mama mmoja wa kanisa akiuguzwa, mke wangu na mtoto wakiwa naye, kwa kuwa nyumba hiyo ilikuwa karibu na zahanati, na siku zote hizo nilimwagilia kwa kikombe changu, nikidhani kwamba kiu yangu italipa kiu yake. Ilikuwa kiu tu, hakikulipwa chochote.

Aliporudi, mbaazi zilikuwa zimetoa kichwa. Nilikuwa stoo. Nilimsikia kule chumbani akisali kwa sauti ya chini, akishukuru. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni pa stoo. Aliniambia tu kwamba chungu cha mbaazi kimepungua, akaondoka.

Mama mkwe alipokuwa anarudi Kilungu aliomba, kupitia kwa binti yake, kopo moja. Alisafiri nalo mapajani. Nilitazama kupitia ufa wa stoo akitembea kuelekea barabarani, amelifunika kwa leso lisipigwe na jua.

Huko milimani mvua ilirudi, na mbaazi ile ikawa kichaka kando ya jiko lake. Kila msimu alituletea mfuko wa mbaazi kwa mkono wa mtu yeyote anayeshuka kwenye barabara kuu, na ujumbe ni uleule: mbegu za mkwe. Aliwagawia majirani, akawaambia zilivyoota kwenye kiangazi kwa maombi. Mke wangu alizipika na mahindi, akanipakulia, na kuniangalia nikila. Ni chakula ninachokipenda sana. Sijawahi kukimaliza bila kukumbuka kile kikombe.

Desturi yetu ina mlango wa kutokea. Mkwe akipeleka mbuzi na blanketi, na watu wakala pamoja, nthoni inavunjwa, na kuanzia hapo mnaweza kuketi na kuzungumza kama mama na mwana. Mke wangu aliniomba tufanye hivyo mapema. Nilisema mbuzi wamekonda. Mwaka mwingine nikasema kazi ni nyingi. Binti yetu akaanza shule, akawa mkubwa, na bado nilikuwa na sababu. Watu wa Kilungu walinisifu kuwa mkwe mwenye heshima ya zamani. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mwanamke mmoja mzee na swali ambalo angeniuliza akiruhusiwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimezaa, nikaendelea kuficha.

Miaka ya tisini ilikuwa imeshaanza kuchakaa tulipopata habari kwamba macho yake yanaisha. Mke wangu hakuniomba tena. Alinunua blanketi mwenyewe, akaliweka kitandani upande wangu. Nikatafuta mbuzi.

Tulikula uani kwake, watu wa nyumba tu. Alikuja akaketi kwenye kigoda mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikautazama uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka. Paji lake lilikuwa na alama ya ukanda, kama ilivyo kwa wanawake wote wa rika lake, nami nikaiangalia hiyo muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "zile mbegu zingine kule kazini zilifika wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia kofia na makopo, mpaka mbaazi za chungu. Nilimwambia hakukuwa na mbegu, walikuwa buibui wadogo, na kwamba alilala juu yao wiki zote zile, akawapa maji yake mpaka akaanguka. Niliongea nikitazama mikono yake. Mke wangu alikuwa ameacha kukata nyama.

Kuku walipita kati yetu. Nilingoja mama mkwe anilaani, na ningemshukuru.

"Buibui," akasema mwisho. "Na walikunywa?"

Wote walikuwa wamekufa kwenye maji yale, isipokuwa mmoja. Nilikuwa nimekuja mpaka Kilungu na mbuzi na blanketi ili nimwambie huyu mtu ukweli.

"Walikunywa, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika, akasema basi maji hayakumwagika bure. Kisha akaniambia nile, nyama inapoa.